Mimea ya Rwenzori itahamia wapi?
Ndugu yangu, umeuliza kama joto likizidi mimea ya Rwenzori, milima iliyo mpakani mwa Uganda na Kongo, si itapanda tu juu zaidi. Kupanda inapanda, kizazi kwa kizazi, lakini mlima una mwisho: kilele cha Margherita ni mita 5,109, baada ya hapo ni mawingu tu.

Ziangalie lobelia kubwa za kule. Usiku majani hujikunja yakafunika chipukizi changa lisigande, asubuhi yanafunguka. Ufundi wa ajabu, ila ni wa kushinda baridi, si joto. Na barafu iliyopigwa picha mwaka 1906 sasa imebaki vipande vipande.

Wanaoniumiza moyo zaidi ni vinyonga wenye pembe. Ndege ataruka, kinyonga avuke bonde lenye joto aende mlima upi?