Afisa anastaafu na miaka 42: maswali yenu kuhusu pensheni za jeshi la Marekani

Swali: Inakuwaje afisa astaafu akiwa bado na nguvu zake na aanze kulipwa papo hapo?

Jibu: Kwa sababu sheria yao haitazami umri, inatazama miaka ya utumishi. Aliyepata kamisheni akiwa na miaka 22 anatimiza miaka 20 jeshini akiwa na miaka 42. Kikokotoo kinachowahusu wengi walioingia kati ya Septemba 1980 na mwisho wa 2017 ni asilimia 2.5 kwa kila mwaka wa utumishi, ikipigwa kwenye wastani wa mshahara wa msingi wa miezi 36 aliyolipwa vizuri zaidi. Posho za nyumba na chakula hazimo.

Swali: Mlipakodi anabeba mzigo gani hasa?

Jibu: Tuchukue mfano. Wastani ukiwa dola 9,000 kwa mwezi, miaka 20 inampa nusu yake, yaani dola 4,500. Akiishi hadi miaka 80 atakuwa amelipwa kwa miaka 38, jumla dola 2,052,000, kabla ya nyongeza ya kila mwaka inayofuata mfumuko wa bei. Malipo hayohayo yangeanza akiwa na miaka 62, jumla isingefika nusu ya hapo. Kwa hiyo wanaolalamikia ukubwa wa hundi ya mwezi wanalenga pembeni. Uzito uko kwenye urefu wa muda, ambao kwa afisa huyu unakaribia mara mbili ya utumishi wenyewe.

Swali: Kwa nini wasiwabakize kazini?

Jibu: Jeshi linataka makamanda vijana, na sheria ya 1980 humwondoa anayekwama kwenye cheo: kwa luteni kanali, kwa kawaida, ukomo ni miaka 28 ya utumishi. Hoja hiyo naikubali kwa kiongozi wa askari wa miguu. Kwa mwanasheria au mhasibu mwenye magwanda, siioni.

Swali: Mageuzi ya 2018 yamebadili nini?

Jibu: Kwa wanaoingia tangu 2018, asilimia 2.5 imeshuka kuwa 2, hivyo afisa kama wa mfano wetu atapata dola 3,600. Serikali nayo huchangia akiba ya askari hadi asilimia 5 ya mshahara wa msingi, na hili ni la haki, kwani zamani aliyeondoka kwa hiari kabla ya miaka 20 alitoka mikono mitupu. Umri haukuguswa: hizo 3,600 naye ataanza kuzipokea akiwa na miaka 42.