Barua kwa mwanangu: kabla hujasaini ile fomu ya kurudishiwa ada

Mama yangu,

Voisi yako ya juzi usiku nimeisikiliza mara tatu. Mara ya kwanza nilikuwa hapa sokoni Kibaigwa na baba yako tunasubiri magunia yapimwe, kelele tupu, nikairudia jioni nyumbani nikiwa peke yangu na tena leo asubuhi kabla sijaanza kuandika. Sijakupigia kwa sababu kwenye simu tungeishia "haya mama, sawa mama" afu ukaenda kusaini, na hili nataka ulisome taratibu ukitoka naiti na ukishalala kidogo.

Ulichouliza ni kimoja tu, nisaini au nisisaini. Hospitali unayofanyia kazi inakwambia nenda kasome shahada ya uuguzi miaka minne, ada unalipa mwenyewe kila mwaka na matokeo yakitoka umefaulu wanakurudishia yote, muda wa chuo wanakupa nusu mshahara, ukimaliza unawatumikia miaka minne, na ukiondoka kabla ya hapo unarudisha gharama zote. Fomu wanaitaka Ijumaa.

Kuna kitu sijawahi kukuambia vizuri. Kaka yako mkubwa unajua alilelewa na bibi Bahi mpaka akafika miaka minne, na nyie siku zote mmekuwa mnasema ni kwa sababu mama alikuwa kazini. Kweli nilikuwa kazini, ila nilikuwa kazini kwa sababu ya karatasi kama hiyo uliyonayo wewe. Nilisomeshwa na hospitali moja ya huku kanda ya kati, sitaitaja, wakanilipia kila kitu mpaka viatu, nikasaini kuwatumikia miaka mitano, nilikuwa binti wa miaka 21 na nilifurahi sana siku ile, sikusoma hata ukurasa wa pili. Mwaka wa pili nikaolewa, nikajifungua kaka yako, baba yako akahamishwa kikazi Tabora, alikuwa reli. Nikaenda kwa mkuu wa hospitali kuomba niondoke nimfuate mume wangu, nikasema deni nitalipa kidogo kidogo, akafungua kabati akanionyesha cheti changu cha uuguzi kiko mle ndani kwenye bahasha, akasema hiki utakichukua miaka mitano ikiisha. Bila kile cheti nilikuwa siwezi kuajiriwa popote. Nikabaki, wodi ya wazazi zamu za usiku, mtoto nikampeleka kwa bibi, baba yako nikawa namuona akipata likizo, anashuka na treni anakaa wiki anarudi.

Sikuambii hivi ili uogope. Wodi ile ndiyo iliyonifundisha kazi. Mtoto akitanguliza mguu mimi sikutetemeka kwa sababu nilishaona mengi mle, na hela ya kusoma kwetu haikuwepo kabisa, bila wao ningekuwa nalima uwele mpaka leo. Kwa hiyo ofa yenyewe siichukii. Ninachotaka ni ujue unatoa nini, na unachotoa ni miaka.

Hesabu basi na mimi. Una miaka 27. Chuo minne, 31. Wahitimu wa shahada wanafanya intanishipu mwaka mmoja na sehemu ya kwenda mnapangiwa, 32. Ndipo uanze kutumikia minne, 36. Ukisema "miaka minne" inasikika ndogo, ila humo ndani uko mikononi mwao miaka tisa, ndoa, watoto, mimi na baba yako kuzeeka, vyote vitapita humo. Swali langu la kwanza kwao ni saa inaanza kuhesabu lini. Siku ya mtihani wa mwisho? Siku ya mahafali? Siku ukipata leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga? Ule mwaka wa intanishipu unahesabika au hauhesabiki, na ukipangiwa mkoa mwingine je? Ukienda likizo ya uzazi, siku zako 84 zinaongezwa mwishoni kama deni au zinahesabika kama kazi? Uliponisomea ile fomu hakuna mahali panaposema, na pasiposema patasemwa na wao siku mkigombana.

Halafu hilo neno "gharama zote". Hapo ndipo niliposimamisha voisi yako. Ada umesema milioni 3 kwa mwaka, miaka minne ni milioni 12. Sawa. Ila na ile nusu mshahara ni gharama? Na bima? Na nauli ukienda fildi, yale mafunzo ya vitendo? Ukisaini "gharama zote" bila kiasi kuandikwa unasaini karatasi ambayo namba itajazwa baadaye na mtu mwingine. Waambie waandike namba. Na waandike deni linapungua kila mwaka unaotumikia, ukimaliza mmoja linabaki milioni 9, miwili 6, mitatu 3. Kwa ilivyo sasa, mama, ukifanya kazi miaka mitatu na miezi kumi na moja afu ukapata dharura ukaondoka, unadaiwa milioni 12 sawasawa na aliyeondoka wiki ya kwanza, hiyo si haki na nadhani hata wao ukiwauliza kwa upole wataona.

Na wakikuacha wao je? Hospitali binafsi zinapunguza watu, mshahara unaweza kuchelewa miezi mitatu, umeyaona mwenyewe. Iandikwe kwamba wakikupunguza au wasipokulipa, deni limekufa.

Nilimuuliza yule binti wa mama mchungaji aliyesoma sheria, akanisaidia kidogo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema anayelipwa kwa mwezi akitaka kuacha kazi anatoa notisi ya siku 28, basi. Hakuna mtu wa kukufunga kamba wodini, wanachoweza kudai ni hela. Na mwajiri hawezi kujikatia mshahara wako kwa ajili ya deni hivihivi, mpaka sheria imtake au wewe uwe umekubali kwa maandishi, kwa hiyo ule mstari wa chini kwenye fomu yenu, "nakubali makato yoyote", ndiyo ruhusa yenyewe, usiupite haraka. Yakiharibika kuna Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ila nisingependa ufike huko.

Vyeti halisi usiwaachie. Kopi iliyogongwa muhuri wa wakili inatosha. Hata metroni akikwambia wenzako wote wameacha, wewe sema mama amekataa, nitupie mimi lawama.

Sasa upande wa hela ambao naona hujaufikiria sana kwa sababu umefurahia neno "yote". Wanarudisha, hawatoi. Maana yake mwezi wa kumi na moja chuo kikifunguliwa hela unaitafuta wewe kwanza, na sisi mahindi tunauza mwezi wa sita wa saba, ukifika mwezi wa kumi na moja hela imeshaingia kwenye mbegu na trekta. Na ukipata sapu, ule mtihani wa kurudia? Somo moja tu likigoma, ada ya mwaka mzima hairudi au inasubiri mpaka uchomoe sapu? Na wanarudisha ndani ya muda gani, mwezi au miezi sita, maana ukichelewa kurudishiwa mwaka wa pili utaanzaje? Kikoba chetu naweza kukopa milioni moja na nusu na riba yake naibeba mimi, baba yako amesema mbuzi wanne wapo. Mwaka wa kwanza tutauvuka. Ila omba wao walipe chuoni moja kwa moja kila semista, hospitali ikitaka inaweza, ni suala la kuandika hundi sehemu nyingine tu.

Kuhusu bodi ya mikopo uliyoitaja. Wao mwenye ajira wanamkata asilimia 15 ya mshahara, na ile tozo ya kulinda thamani ya asilimia 6 iliyokuwa inalivimbisha deni iliondolewa 2021, kwa hiyo si mbaya kama zamani na hakuna anayekuambia ukae hospitali gani. Ila masharti yao yanataka muombaji asiwe na ajira rasmi yenye kipato, yani uache kazi kwanza afu uombe, na kukosa kupo. Hilo kwako naliona gumu kuliko fomu.

Jambo lingine ambalo manesi wote mnalo kichwani, ajira za serikali. Zikitangazwa ukiwa mwaka wa pili wa kutumikia, wenzako wanaomba, wewe umekaa unaangalia. Ukiwa na ile ya deni kupungua unaweza kupiga hesabu ukalipa kilichobaki ukaenda, ukiwa na hii ya sasa huwezi. Ndo maana nalisisitizia sana.

Sehemu ya wadhamini wawili. Umesema mmoja mimi na mwingine mjomba wa Hombolo. Mjomba usimuingize. Ana lile shamba la zabibu tu na watoto wanne, na yeye hawezi kukukatalia, akiombwa na wewe atasaini huku moyo unamuuma na hatasema. Mimi nitasaini nikishaona kiasi kimeandikwa, na kiwanja hakiwekwi dhamana. Wa pili tutamfikiria.

Na yule kijana wa Mbeya. Hukumtaja kwenye voisi, mimi namtaja. Kama mna nia ya kweli mwambie leo, mwonyeshe karatasi, miaka tisa Dodoma, yuko tayari kuhamia au anategemea wewe ndiye utakayehama? Akisema "tutaona" hilo bado si jibu. Mimi baba yako alisema tutaona, na si kwamba alikuwa mtu mbaya, ila sote wawili hatukujua tunachokiona, na aliyelipa ni mtoto aliyekuwa akija kwangu ananiita shangazi. Siku ile aliyoniita hivyo bado naikumbuka, nilikuwa nimembebea biskuti.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Usisaini Ijumaa. Nenda Alhamisi kwa afisa utumishi, mwambie asante sana kwa nafasi, naitaka, naomba wiki moja nisome na wazazi, na naomba mambo manne yaandikwe: saa inaanza lini, kiasi ni shilingi ngapi na kinapungua kila mwaka, wakiniacha wao deni linaisha, na nikirudi na shahada nalipwa mshahara wa shahada. Hilo la mwisho sikulieleza ila unalielewa, usisome miaka minne urudi kulipwa kama mwenye diploma. Wakikubali matatu kati ya hayo, na la kiasi likiwa mojawapo, saini, nami nitakuja kusaini na wewe. Wakisema ni hivihivi au basi, acha, tutatafuta njia ya polepole, hata ukianza mwakani.

Jumamosi ukitoka zamu panda gari za asubuhi uje na hiyo fomu yenyewe, siyo picha, kwenye picha ukurasa wa tatu hausomeki. Nitakupikia mlenda na ugali wa mtama, baba yako anataka tuisome sote watatu kwa sauti.

Mama yako.