Filamu inanata, haifanyiwi ushikamanishwaji

Swali la leo limetoka kwa binti wa Chumbageni, hapa hapa Tanga, anayesomea ufamasia, nimelipunguza kidogo: "Shikamoo mwalimu. Maabara kwetu tunapima vile vifilamu vya dawa vya kubandika ndani ya shavu, dawa inapenya pale pale kuingia kwenye damu bila kupitia tumboni. Naandika muhtasari kwa Kiswahili nimekwama. Niseme 'unatishaji wa filamu kwenye utando wa kamasi' au 'ushikamanishwaji'? Msimamizi wangu anataka la pili, anasema ndo la kitaalamu."

Marahaba mwanangu. Jibu ni kunata. Ungeweza kuishia hapa ukaenda zako kula, ila umelitaja hilo neno la pili na mie nina ugomvi nalo wa miaka.

Hii -waji hii. Sijui nani alitudanganya kwamba ukiitundika mwishoni mwa kitenzi unakuwa msomi. Juzi gari la matangazo limepita barabara ya 12 huku Ngamiani linapiga kelele "zoezi la ufanyikaji wa unyunyiziwaji wa dawa ya mbu", bibi jirani yangu katoka na kanga yake kaniuliza, mwanangu, kwani watanyunyiza au hawanyunyizi? Sikuwa na la kumjibu maana sentensi nzima haina mtu anayenyunyiza, imejaa mazoezi tupu kama uwanja wa mpira.

Sasa litazame la msimamizi wako. Mzizi ni shik- basi, nyuma umefungiwa -am-, ukafungiwa -an-, ukafungiwa -ish-, ukafungiwa -w-, ukafungiwa -aji, halafu mbele kuna u- anavuta. Hiyo si neno, ni treni ya mizigo. Na ukifika mwisho wa treni bado hujui nani kamshikamanisha nani na nini, na baada ya dakika ngapi. Huo ndo utaalamu?

Kunata kuko peke yake na kunatosha. Ni neno la kale, lina ile -at- ambayo ukiichunguza utaikuta kwenye kamata, fumbata, kumbata, ambata, yote mambo ya vitu kugusana vikagoma kuachana. Ndo hivyo, etimolojia imeisha, twende kwenye fenesi.

Nani hajakata fenesi? Likitoka Muheza limeiva vizuri harufu inakupokea mlangoni, wewe kwa uroho unachukua kisu kikavu na mikono mikavu unapasua. Utomvu ule unanata. Unanata kwenye kisu, unanata vidoleni, ukijifuta kwenye shati na shati nalo limekwisha, ukienda kwenye maji na sabuni unacheka mwenyewe. Mama zetu wanapaka kwanza mafuta mkononi na kwenye kisu, kwa sababu utomvu ukikuta mafuta haupati pa kushika. Nawe maabara kwako ni mle mle: filamu kavu ikigusa ute wa shavuni inakunywa yale maji, inalainika, inajipenyeza, inanata. Ikinywa maji kupita kiasi inakuwa uji na inateleza. Kwa hiyo wanaochanganya kitosani, ile inayotengenezwa kwa maganda ya kamba na kaa, wanafanya vile kwa sababu ina chaji chanya na ute una chaji hasi, vinavutana. Vinavutana, mwanangu, usiniletee "uvutanishwaji" hapa.

Halafu usichanganye kunata na kunasa. Ulimbo unanata, ndege ananasa. Aliyenata ndo mwenye gundi, aliyenasa ndo mwenye shida. Kuganda nako waachie maziwa na damu, ingawa ruba akigandama mguuni sina ubishi naye. Na ukisikia mtu anasema fulani ananata siku hizi, hiyo ni maringo, haipimwi kwa mizani.

Tena mizani yenyewe ndo inayonifanya niwe mkali. Binti kanieleza wanavyofanya: hawana ile mashine kubwa inayovuta na kuchora grafu, wana mizani ya sahani mbili. Upande mmoja wanabandika filamu kati ya vipande viwili vya ngozi laini ya ndani ya shavu la mbuzi (vitabuni wengi wanatumia la nguruwe kwa kuwa linakaribiana na la binadamu, sie huku machinjioni mbuzi ndo rahisi), wanalowesha kwa mate bandia, wanakandamiza dakika moja, halafu upande wa pili wanadondosha maji tone tone mpaka filamu inaachia. Maji yale wanayapima uzito, gramu 20 ni kama nyutoni 0.2, basi hiyo ndo nguvu.

Sasa nguvu ya nini? Ya kubandua! Wameibandika, imenata, wameibandua. Kiswahili kimekuwekea bandika na bandua tangu enzi za kubandika chungu jikoni, kinyume chake kimejengwa humo humo kwa kubadilisha mkia, we unataka ushikamanishwaji wa nini? Kuna na jambo zaidi, na hili mwambie msimamizi kwa adabu: filamu inayobanduka nzima nzima na filamu inayochanika katikati, nusu ikabaki shavuni, si majibu sawa. Ya kwanza gundi yake imeshindwa, ya pili ilinata vizuri tu, mwili wake ndo dhaifu. Kubanduka, kuchanika. Vitenzi viwili, matokeo mawili. Ukiandika "ufanyikaji wa utenganishwaji" umeyafukia yote mawili kaburi moja. Na ile isiyokaa hata dakika kumi mdomoni mate yakaondoka nayo, hiyo sie watu wa hapa tuna jina lake kabisa, waja leo waondoka leo.

La kamasi sikusamehe. Kamasi ni za puani, za mtoto mwenye mafua. Ukimwambia mgonjwa dawa hii inanata kwenye utando wa kamasi mdomoni mwako, ataitema kabla haijanata. Sema ute, kama ule wa bamia. Utando wa ute, au kwa mgonjwa sema tu ngozi laini ya ndani ya shavu.

Filamu je? Hapo nimechoka, chukueni. Najua shangazi yako atafikiri umeenda chuoni kuigiza, ila ukiita nayo utando utakuwa na utando umenata kwenye utando na msomaji atapotea. Kifilamu cha dawa, haya, nimekubali, kwa shingo upande.

Kwa hiyo andika hivi: "Tulibandika filamu kwenye ngozi ya ndani ya shavu la mbuzi, tukaikandamiza dakika moja, kisha tukapima nguvu iliyotosha kuibandua." Msimamizi akigoma mkaribishe kwangu Ngamiani, nina fenesi uani, nitampa kisu bila mafuta.