Barua yako ya kazi ijibu tangazo

Wadogo zangu mnaomaliza vyuo hapa Tabora, nimekaa mara tatu kwenye kamati ya kuchambua barua za maombi, zote za vyama vya msingi vya wakulima wa tumbaku. Nawaambieni tulichokuwa tunakutana nacho mezani.

Barua nyingi zilikuwa ni ile ile. "Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni kijana wa Kitanzania, mchapakazi, mwaminifu, naweza kufanya kazi bila kusimamiwa." Steshenari wanayo tayari kwenye kompyuta: wanabadilisha jina na tarehe, unalipa, unaondoka. Moja ilitufikia ikiomba udereva, wakati sisi tulitangaza nafasi ya karani. Mwenyewe alikuwa na stashahada nzuri ya uhasibu. Iliniuma sana, maana kwenye kamati hakuna aliyekubali aitwe kwenye usaili.

Halafu kukawa na binti mmoja kutoka Sikonge. Tangazo lilitaka mtu wa kutunza hesabu za pembejeo. Aya yake ya pili ilisema: "Msimu uliopita niliandika daftari la mbolea la kikundi cha baba, wakulima 14: iliyochukuliwa, iliyorudishwa na deni la kila mmoja. Soko lilipofungwa, hesabu yangu ililingana na ya chama." Hakuwahi kuajiriwa popote. Mwenyekiti aliirudia kwa sauti, na pale pale tukamweka kwenye orodha ya watakaoitwa.

Kwa hiyo kaa na tangazo na kalamu. Pigia mstari kila wanachokitaka, kisha mbele ya kila mstari andika jambo ulilolifanya kwa mikono yako, hata kama ni la mafunzo kwa vitendo, la kanisani au la dukani kwa shangazi. Ukikosa la kuandika karibu kila mstari, tafuta tangazo jingine.

Ukurasa mmoja unatosha. Weka kumbukumbu namba ya tangazo, na usisahau sahihi. Kwa kazi za serikali zinazopitia Ajira Portal, yaani mfumo wa kuomba kazi mtandaoni, barua huelekezwa kwa Katibu wa Sekretarieti ya Ajira, Dodoma, na unaipandisha kwenye mfumo ikiwa imeshasainiwa. Kiswahili kinakubalika, kwa hiyo usijitese na Kiingereza cha kuazima.

Na weka namba mbili za simu. Yule binti tulimtafuta siku mbili, kijijini kwao mtandao ulikuwa umekata. Tulimpata kwa namba ya kaka yake, aliyoiandika chini ya jina lake.