Slaidi za Kiingereza shule ya msingi: maswali yenu kutoka Arusha na Moshi

Maswali ya safari hii yametoka kwa walimu sita na mzazi mmoja. Yote yanahusu kufundisha Kiingereza kwa picha za skrini. Tumeyafupisha kidogo.

Shikamooni. Nina darasa la tatu lenye watoto 68. Nikiwasha projekta wanachangamka, wanaitikia wote kwa pamoja "This is a tomato!" Kesho yake nikiwashikia nyanya mkononi, kimya. Tatizo ni nini? (Mwalimu, Pasua, Moshi)

Marahaba, mwalimu. Bila shaka picha na neno vinatokea pamoja. Mtoto aliyekwisha kujua kusoma Kiswahili akiona maandishi husoma tu, picha haimsaidii kitu. Tena husoma kwa kanuni anayoijua, kwamba kila herufi hutamkwa: "table" inakuwa ta-ble, "orange" inakuwa o-ra-nge. Kuitikia kwa pamoja kunayaficha yote hayo, kwa sababu wachache wanaojua wanawabeba wengine.

Slaidi kazi yake ni kumfanya mtoto aseme. Kwa hiyo kwanza aone, halafu asikie, halafu aseme, na maandishi yaje mwisho.

Tuchukue somo la sokoni, kipindi cha dakika 40. Maneno mapya yawe sita tu: tomato, carrot, banana, onion, avocado, egg. Matatu ya kwanza yanachukua "a", matatu ya mwisho yanachukua "an", na hilo litakufaa mbele ya safari. Kila slaidi iwe na picha moja iliyoijaza skrini, bila neno. Tamka neno mara tatu watoto wakisikiliza tu. Usiwaruhusu kuitikia mapema, maana anayepiga kelele hasikii. Ndipo warudie. Baada ya hapo bonyeza, neno litokee chini ya picha. Kwenye PowerPoint, chagua kisanduku cha neno, nenda Animations, chagua Appear. Achana na maneno yanayozunguka au kudondoka kutoka juu: watoto watacheka mzunguko na neno litapita.

Maneno sita yakiisha, zirudishe picha bila maandishi na kwa mpangilio mwingine. Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Wanarudia mpangilio ule ule, na watoto wanakariri foleni: baada ya karoti huja ndizi. Wakati onyesho linaendelea, andika namba ya slaidi kwenye kibodi kisha bonyeza Enter, nayo itaruka moja kwa moja hadi hapo. Namba uziandike kwenye kikaratasi kabla ya kuingia darasani, maana huwezi kuzikumbuka huku unasimamia watoto 68.

Kisha weka slaidi moja yenye picha zote sita. Watoto wafumbe macho, uondoe picha moja, wafumbue waseme kilichopotea. Mwisho iwe slaidi ya meza ya muuzaji yenye bei, na mistari miwili: "How much are the onions?" na "They are 500 shillings." Wasome mara mbili, halafu bonyeza herufi B. Skrini inakuwa nyeusi. Sasa wale wanaokaa dawati moja waulizane kwa dakika nne bila kuona maandishi. Ukibonyeza B tena, slaidi inarudi wajisahihishe.

Muda wote wa skrini usizidi dakika 15. Zinazobaki ni za kuulizana na za daftari. Unapopima, acha kuuliza darasa zima. Uliza safu ya dirishani, kisha dawati moja, kisha mtoto mmoja, huku ukitia alama kwenye orodha ya majina. Watoto 68 hawaishi siku moja, kwa hiyo waliobaki waanze kesho, na hapo ndipo utumie nyanya ya mkononi.

Watoto wa nyuma wanasema hawaoni. Herufi ziwe na ukubwa gani? (Mwalimu wa Kiingereza, Sakina, Arusha)

Kipimo rahisi: kwa kila mita 3 za umbali, herufi iwe na kimo cha sentimita 2.5 hivi pale ukutani. Dawati la mwisho likiwa mita 8 kutoka ukutani, unahitaji karibu sentimita 7. Picha ya projekta ikiwa na kimo cha sentimita 120, herufi za ukubwa wa 60 zitatoa herufi ndogo zenye karibu sentimita 6 au 7, na herufi kubwa karibu sentimita 9. Kwa hiyo anza na 60. Ukubwa wa 28 ambao programu hukuwekea yenyewe unafaa kikao cha watu wazima, si darasa la pili. Ukiona sentensi haienei kwa 60, sentensi ni ndefu mno. Ikate.

Aina ya herufi nayo ina uzito. Katika herufi nyingi za kompyuta, "a" ina kipaa juu yake, wakati mtoto amefundishwa kuandika duara na kijiti. Tumia aina ya herufi iitwayo Andika, ya shirika la SIL, iliyochorwa kwa ajili ya wanaoanza kusoma na inayopatikana bure, au Comic Sans. Ukitumia Andika, kwenye File, Options, Save, weka alama kwenye "Embed fonts in the file", la sivyo kompyuta ya shule itaibadilisha na sentensi zitamwagika nje ya kisanduku. Usiandike kwa herufi kubwa tupu, maana vitabu vyao havikuandikwa hivyo.

Halafu kuna mwanga. Mchana, darasa la madirisha makubwa linahitaji projekta ya kuanzia lumeni 3000 (lumeni hupima nguvu ya mwanga) za kipimo cha ANSI. Vile vidogo vya bei poa vinaandikwa maelfu kwenye boksi bila neno ANSI, na mchana picha hufifia kabisa. Elekeza picha kwenye ukuta ambao jua haliupigi, na zuia dirisha lililo karibu na ukuta huo kwa pazia zito. Madirisha mengine yaache. Ukutani pakiwa pachafu, tandaza shuka jeupe lililovutwa pembe zote nne. Projekta nyingi za kawaida huhitaji karibu mita 3 kutoa picha yenye upana wa mita 2. Rangi: herufi nyeusi juu ya usuli mweupe au wa maziwa. Usuli mweusi unahitaji giza ambalo huna. Na usitofautishe jibu sahihi na lisilo sahihi kwa kijani na nyekundu peke yake, kwani kuna watoto, hasa wavulana, wasiozitofautisha rangi hizo. Ongeza alama ya vema na ya mkasi.

Hatuna projekta. Ofisini kuna televisheni ya inchi 43. Inafaa? (Mwalimu, Ngaramtoni)

Inafaa sana, mradi watoto wasogee. Inchi 43 ina kimo cha sentimita 53 au 54 hivi, kwa hiyo herufi zinatoka chini ya nusu ya zile za ukutani. Wagawe makundi mawili: moja mbele ya skrini likiwa limekaa mkekani, jingine na zoezi la daftari, mbadilishane baada ya dakika 15.

Kama huna kompyuta ya kuunganisha, hifadhi slaidi kama picha. Save As, chagua JPEG, kisha All Slides. Zitoke kwenye folda, uziweke kwenye flashi, uichomeke nyuma ya televisheni na kufungua sehemu ya picha. Mambo mawili yatakusumbua. Kwanza, mafaili yanaitwa Slide1, Slide2 hadi Slide10, na televisheni nyingi huiweka Slide10 mara baada ya Slide1. Yape majina mapya, 01, 02, 03. Pili, picha haina kubonyeza ili neno litokee. Kila slaidi ifanye mbili: ya picha tupu, na nakala yake yenye neno. Faida ni kwamba hakuna kitakachoharibika mpangilio.

Niweke Kiswahili chini ya neno la Kiingereza? (Mwalimu, Kibosho)

Hapana. Jicho la mtoto litakwenda kwenye lugha anayoijua na halitarudi. Lakini mdomoni Kiswahili kitumie bila woga, hasa kueleza mchezo unavyochezwa au neno lisilochoreka kama "because". Sema mara moja, endelea.

Wanafunzi wangu wa darasa la nne wanasema "my mother he is cooking" na "car red". Nimeandika kanuni kwenye slaidi, haijasaidia. (Mwalimu, Usa River)

Kanuni iliyoandikwa haitasaidia kwa sababu kosa linatoka kwenye mazoea ya lugha yao. Kiswahili kina "yeye" moja kwa mama na baba, na sifa hufuata nomino: gari jekundu. Mtoto hajakosa akili, anatafsiri kwa uaminifu. Slaidi iyaoneshe macho yake mpangilio mpya hadi uzoeleke.

Kwa "he" na "she", gawa slaidi kwa mstari wa kati. Kushoto daima mwanamume, kulia daima mwanamke, na usibadilishe pande hizo muhula mzima. Juu kushoto andika He, kulia She. Weka watu wanaofanya kitu kimoja: baba anapika, mama anapika, daktari mwanamume, daktari mwanamke. Ukiweka mama jikoni na baba ofisini kila mara, mtoto atadhani "she" maana yake ni anayepika. Baada ya siku tatu nne ondoa maandishi ya juu, kisha ondoa mstari, kisha weka mtu mmoja katikati ya skrini. "His" na "her" usiviguse wiki hiyo. Vinafuata mwenye kitu, hivyo kaka ya Neema ni "her brother", na mtoto ambaye "he" bado haijakaa atavurugika.

Kwa "red car", bonyeza la kwanza lijaze nusu ya kushoto kwa rangi nyekundu na neno "red". La pili liingize gari upande wa kulia na neno "car". Rangi imekwisha kukaa kabla gari halijafika, na watoto wanasema wakifuata skrini. Fanya magari matatu ya rangi tofauti, kisha badilisha kitu: bajaji, kanga, ndoo. Wakizoea, waoneshe maneno matatu yaliyochanganywa, "car", "a", "red", wayapange kwa vikadi vya manila mezani.

Wanaofika madarasa ya juu na kuanza kulinganisha, watumie milima wanayoiona kila asubuhi mawingu yakifunguka. Chora pembetatu mbili kwa kipimo cha sentimita 1 kwa mita 500: Kilimanjaro, yenye mita 5,895, itakuwa sentimita 11.8, Meru itakuwa sentimita 9.1. Zote zinaenea kwenye slaidi ya kawaida. "Kilimanjaro is higher than Meru." Mtoto wa Arusha atataka kubishana, mwache abishane kwa Kiingereza.

Umeme wetu unakatika ovyo. Projekta itaharibika? Na picha nazipata wapi, maana za mtandaoni ni za theluji na faili linakuwa zito? (Mwalimu, Himo)

Projekta ya taa ikizimika ghafla, feni inasimama wakati taa bado ni ya moto, na hilo ndilo linaloifupishia taa maisha. UPS ndogo (betri ya akiba inayoshika umeme ukikatika) ya VA 650 inaweza kubeba projekta ya wati 250 au 300 kwa dakika chache, zinazotosha kuizima vizuri na kuiacha ipoe. Ukiwa huna UPS, umeme ukikatika chomoa waya mara moja, kwa sababu unaporudi huweza kuja na nguvu isiyo ya kawaida. Subiri kama dakika kumi kabla ya kuwasha tena. Projekta ya LED haina shida ya taa, ila nayo ichomoe. Kiangazi vumbi huziba kichujio cha hewa, kwa hiyo kisafishe kwa brashi laini kila wiki mbili, projekta ikiwa imezimwa. Na kila somo liwe na picha zake sita kwenye manila ya A4, ndani ya bahasha, juu ya kabati. Umeme ukikatika, kipindi kinaendelea pale pale.

Picha piga mwenyewe kwa simu. Nyanya, karoti na parachichi ziweke juu ya manila nyeupe karibu na dirisha, kimoja kimoja, ukiwa umeshika simu kwa ulalo. Neno "cold" halihitaji theluji. Mtoto aliyevaa sweta asubuhi ya Julai anatosha, lakini sura ya mwanafunzi usiitumie bila ruhusa ya mzazi. Kwa vitu usivyoweza kuvifikia, Wikimedia Commons ina picha zenye ruhusa ya kutumika. Soma masharti yaliyo chini ya kila picha na umtaje mpigaji anapotakiwa kutajwa.

Uzito unatokana na picha za simu, kila moja MB 3 au 4. Bonyeza picha yoyote, nenda Picture Format, Compress Pictures, ondoa alama kwenye "Apply only to this picture", chagua 150 ppi. Faili la MB 80 hushuka mno, na ukutani hutaona tofauti.

Mwalimu wa mwanangu wa darasa la kwanza ametutumia slaidi kwenye simu. Mimi Kiingereza changu si kizuri. Nifanye nini nazo? (Mama, Kijenge)

Mama, huhitaji kufundisha, unahitaji kuulizwa. Funika neno kwa kidole, mtoto akuambie ni nini. Kisha geuza: yeye ashike simu, akuulize wewe, akusahihishe. Dakika tano kabla ya chakula cha jioni zinatosha, picha sita tu. Ukihofia matamshi, mwombe mwalimu awarekodie maneno hayo sita kwa ujumbe wa sauti, na mtoto asikilize kwanza kabla ya kuangalia. Akichoka, funga simu, na jioni nyingine umwombe akutajie vitu hivyo hivyo jikoni: kitunguu, yai, ndizi.