Maswali na Majibu: Mbegu Zinazostahimili Ukame

Agroveti (muuza pembejeo) ameniuzia mbegu ya mahindi ya DroughtTEGO. Je, ni GMO, yaani iliyobadilishwa jeni maabarani? (Msomaji, Kayole)

Siyo. Nimelijibu swali hili mara tatu mwaka huu, na nitalirudia kwa kuwa wapo wauzaji wasiochoka kulivuruga. DroughtTEGO ni chotara iliyopatikana kwa kuchavusha na kuchagua, njia ileile iliyotupatia mahindi ya Katumani. Badala ya kuogopa jina la pakiti, kagua stika ya KEPHIS, shirika la serikali linalokagua mbegu, kabla ya kulipa, maana mbegu bandia imewatia hasara wakulima wengi.

Basi nitapata wapi Nairobi mahindi ya GMO ya ukame? (Msomaji, Umoja)

Hupati. Kuondolewa kwa marufuku ya GMO nchini Kenya Oktoba 2022 hakukuyafikisha madukani, na anayekuuzia anakuibia.

Jeni ya bakteria huliokoaje hindi lisilopata mvua? (Msomaji, Kitengela)

Mvua isiponyesha kabisa, hailiokoi. Jeni iitwayo cspB hutoka kwa Bacillus subtilis, bakteria wa udongoni ambaye akipatwa na baridi kali hutengeneza protini inayonyoosha mikunjo ya ujumbe wa kijeni, ili kazi ya seli isisimame. Ndani ya mmea wa mahindi, protini hiyo husaidia maji yanapopungua. Msaada wenyewe ni wa kiasi: Wizara ya Kilimo ya Marekani, iliyoyaidhinisha mahindi yenye jeni hiyo mwaka 2011, ilikiri katika tathmini yake kwamba aina za kawaida zinazolingana nayo zilikuwapo tayari. Sishangai. Kuwazuia viwavi kwa Bt (jeni ya bakteria mwingine, iuayo wadudu) ni kazi ya jeni moja, ilhali uvumilivu wa ukame hutegemea mizizi, vitundu vya majani vya kupitishia hewa na, zaidi ya yote, majira ya kuchanua, kwa kuwa kiu ikiupata mmea wakati huo, nywele za gunzi huchelewa kutokeza hadi chavua imekwisha kupeperuka, na mkulima huvuna magunzi yenye mapengo. Watafiti wa mbegu wa CIMMYT, kituo cha kimataifa cha mahindi na ngano, walipunguza kuchelewa huko kwa kuchagua mimea tu. Nawe unayelima Kajiado kwa kuagiza kwa simu, kabla ya kuwazia jeni, umeuliza kama shamba lako lina matuta ya fanya juu ya kuzuia maji yasitiririke?

Naweza kupanda tena mbegu niliyovuna? (Msomaji, Rongai)

Ya chotara usipande, iwe ya GMO au isiwe, kwa sababu kizazi cha pili hupoteza nguvu. Ya Katumani, ambayo si chotara, unaweza, mradi uchague magunzi ya katikati ya shamba, mbali na chavua ya jirani.