Muulize Shangazi: Nani Ataanza Kuitwa Kipepeo?

SWALI: Shangazi, shikamoo. Mimi ni msomaji wako wa Chuno, Mtwara mjini. Nina mimba ya miezi saba, ya kwanza, na kipimo kimeonyesha ni binti. Kazi yangu ni uhasibu kwenye chama cha msingi cha wakulima wa korosho. Kinachonisumbua ni jina. Nataka jina jepesi, lenye mchezo ndani yake, mtu akilisikia atabasamu. Ila binti akija kuwa daktari au mbunge lisimwaibishe. Mimi nimependa Kipepeo. Mume wangu, Hamisi, anasema hilo ni jina la duka la kanga. Mama mkwe keshaamua: mtoto ni Somoe, jina la marehemu mama yake, na ameshaanza kuliamkia tumbo langu kwa jina hilo. Shoga zangu kazini wanasema Somoe ni la kibibi, nimwite Princess yaishe. Nisaidie kabla sijagombana na nyumba nzima.
Mama Mtarajiwa, Chuno

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera. Kugombana kwa ajili ya jina ni dalili kwamba mtoto anasubiriwa, kwa hiyo hilo lisikukoseshe usingizi.

Nikuulize kitu. Unajua ni nani atakayeitwa jina hilo mbele za watu kabla ya huyo binti? Ni wewe. Kwetu huku mwanamke akishajifungua, jina lake analibakiza kwenye mshahara na kwenye kadi ya kupigia kura. Kwingine kote ni Mama Fulani. Sasa jione umerudi ofisini, msimu umepamba moto, foleni ya wakulima imefika nje, na mzee mmoja kutoka Naliendele ameshika stakabadhi yake anapaza sauti: "Mama Kipepeo! Hela yangu ya mnada wa juzi imeshaingia benki?" Ukiweza kuitika bila kugeuka kuangalia nani anacheka, jina limefaulu. Usipoweza, basi hofu yako ya huko mbele kwenye udaktari na ubunge haina haja, maana jina la mtoto linavaliwa na mtu mzima tangu wiki ya kwanza.

Nimekujaribia mwenyewe hapa Mikindani. Nimesimama barazani jioni nikaita "Kipepeo weee!" kwa sauti ile ya kumrudisha mtoto ndani giza likiingia. Jirani akachungulia dirishani akaniuliza nimefuga nini.

Kipepeo si jina baya kwa kuwa ni mdudu. Ubaya wake ni kwamba limeshamaliza kazi yote lenyewe: rangi, wepesi, kurukaruka, halikumwachia binti nafasi ya kuwa yeye. Akiwa mnene, darasa litacheka. Akiwa mkimya wa kukaa kona, litacheka zaidi. Mimi nimeshika kitabu cha mahudhurio shule ya msingi mpaka nikastaafu, nakuambia ninachokijua.

Mchezo wenyewe kwenye majina si mambo ya kuja na simu. Wazee wetu wa Kusini walicheza mpaka wakapitiliza. Nimefundisha Tatu na Pili, Mwanahamisi na Mwanajuma, Tabu, Sijali, Siwema. Nimefundisha Sikujua pia. Nikiuliza, "Nani hakuleta daftari?" darasa zima linajibu "Sikujua!" na huwezi kumchapa mtu, maana wamesema kweli. Yule binti alijifunza kujibu haraka kuliko wenzake wote. Jina la namna hiyo humpa mtoto ulimi.

Ila wazee walikuwa na njia ya kutokea ambayo wewe huna. Kwa Wamakonde na Wayao, mtoto akiingia jandoni au unyagoni aliliacha jina la utotoni hukohuko, akatoka na jina jipya, na kumwita kwa lile la zamani ilikuwa kumvunjia heshima. Kwa hiyo mtoto mchanga hata ukimwita Panzi hakuna hasara, lilikuwa jina la muda. Siku hizi jina likishaingia kwenye cheti cha kuzaliwa linamfuata shuleni, kwenye kitambulisho cha taifa, benki, mpaka kwenye kadi ya harusi. Unyago umebaki ngoma na mafunzo, jina halibadiliki. Wewe unatafuta jina moja lifanye kazi ya mawili.

Na yapo. Chukua Titi. Likitoka lenyewe, ni sauti ya mtoto ambaye hajaota meno. Lakini Bibi Titi Mohamed alisimama nalo majukwaani miaka ya 1950, akawaingiza wanawake TANU kwa maelfu, na leo magari ya Dar es Salaam yanapita juu ya barabara yenye jina hilo. Hakuna anayecheka. Au mtazame Rais wetu: Samia ni lake, na linalofuata ni la baba yake, Suluhu. Jina lililotoka kwenye mazungumzo ya kila siku, na limeingia Ikulu bila kubisha hodi.

Hapo pia pana jambo watu hulisahau. Binti yako hatasimama peke yake, atasimama na Hamisi nyuma yake maisha yote. Kabla ya kuamua, yasome mawili kwa pamoja. Nimewahi kuwa na Furaha ambaye baba yake ni Shida, na Neema wa Mashaka. Kila siku ya kwanza ya muhula mwalimu mgeni alidhani wanafunzi wanamtania. Bahati yako Hamisi ni jina la adabu, linapokea chochote.

Sasa Somoe. Najua ulitegemea shangazi akutetee kwa mkwe. Sikutetei. Jina hilo hebu litamke polepole, bila kumfikiria mama mkwe: Somoe. Linaanza kama mtu anayetaka kukunong'oneza kitu, linaishia mdomo ukiwa nusu ya kucheka. Ndilo jina jepesi kuliko yote uliyonitajia, na ni la kwetu, Kilwa mpaka Msimbati. Akienda kusoma Dodoma au Arusha huenda akawa Somoe peke yake darasani, wakati akina Princess watakuwa wanatofautishwa kwa herufi za baba zao. Kusema ni la kibibi si kasoro, wewe mwenyewe umetaka jina la kukua nalo. Mama Somoe, hela yangu imeingia? Umeona lilivyokaa? Na huyo Princess tumwachie mfalme mwenye binti.

Tahadhari moja nikupe, maana nimeyaona. Mtoto akishachukua jina la mama wa mkwe wako, mkwe atamwita "mama", na atamaanisha. Siku utakapomfinya kwa kumwaga uji utaambiwa, "Usimpige mama yangu." Atadeka huyo! Kama hutaki mtoto mwenye wakili ndani ya nyumba, litafakari hilo kabla hujaafiki.

Moyo ukikataa Somoe kabisa, zungumza na Hamisi kuhusu Zuhura. Ni ile nyota inayong'aa kuliko zote. Kuna miezi inaonekana baada ya magharibi, na kuna miezi inatangulia jua, wavuvi wa Shangani wakisukuma ngalawa alfajiri iko mbele yao juu ya maji. Mchezo upo, uzito upo, na Zuhura Hamisi nalisikia likitangazwa popote. Asumini nalo lina harufu yake ya kikuba na nywele zilizosukwa, ingawa Asumini Hamisi masikioni mwangu ni kama kiitikio cha ngoma. Labda wewe ndicho unachokitaka.

Lolote mtakaloafikiana, liandikeni kwenye karatasi mwende nalo. Mkoani kwetu mtoto aliye chini ya miaka 5 anaandikishwa kwenye kituo cha afya au ofisi ya kata, cheti hakina ada, na mwandikishaji anaandika anavyosikia. Zuhura anaweza kutoka Zuhra, Asumini akatoka Yasmini, Somoe akatoka Somoye. Soma herufi kwa herufi kabla hujaondoka dirishani. Herufi moja ikitofautiana na cheti cha shule, binti wa watu atakuja kuzunguka na viapo vya mahakamani kwa kosa la siku aliyokuwa hajafungua macho.

Na Kipepeo? Mbakizie chumbani. Mwite hivyo ukimwogesha. Ila ujue Mtwara milango haifungi vizuri, jina la ndani likimfikia muuza mandazi limeshakuwa la mtaa.

SWALI: Shangazi, sisi wa Nachingwea tumependa Marijani kwa binti yetu aliyezaliwa juzi. Ni la baharini, linapendeza. Unasemaje?
Baba wa Wawili

JIBU: Linapendeza kweli, na marijani yenyewe tunayo, kule Ghuba ya Mnazi wageni wanalipa waizamie. Lakini Watanzania wakilisikia wanamwona Marijani Rajabu, Jabali la Muziki, na kipaza sauti chake. Binti atapokea barua za "Ndugu Bwana Marijani" na kupangiwa bweni la wavulana. Mpe Lulu. Imetoka bahari ileile, na hakuna atakayeuliza kama ni wa kike au wa kiume.